Seva ya kawaida au ruta ya kiwandani? Ulinganisho kwa mwenye mtandao unaokua

Swali hili hunifikia kwa maneno yanayofanana sana. Mtu ana kampuni ndogo ya intaneti, Mwanza, Nakuru au Goma, au anasimamia mtandao wa chuo. Alianza na laini ya mega 200. Leo ana giga tatu, mwakani anataka kumi, na ikifika jioni ruta yake inahema. Muuzaji amemletea bei ya ruta mpya inayotoshana na bei ya gari. Fundi wake kijana anamwambia, "Bosi, ile seva iliyokaa stoo tuiwekee Linux, mbona inatosha." Amsikilize nani?

Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, na wote wanaweza kukuingiza hasara. Ninaposema kompyuta ya kawaida namaanisha mashine yenye prosesa ya Intel au AMD, RAM, na kadi ya mtandao iliyochomekwa kwenye PCIe (nafasi za kadi ndani ya mashine), ndugu ya ile inayotunza hesabu za duka. Kwamba mashine ya namna hii inaweza kusukuma paketi, vile vipande vidogo ambavyo data husafiri navyo, kwa kasi kubwa si jambo la kubishania tena. Mwaka 2009 watafiti wa mradi wa RouteBricks waliunganisha seva nne wakapata ruta ya giga 35. Muda si mrefu baadaye Luigi Rizzo wa Chuo Kikuu cha Pisa, kwa programu yake ya netmap, alionyesha kiini kimoja cha prosesa cha megahezi 900 kikijaza laini ya giga 10 kwa paketi ndogo kabisa. Kinachobaki kuulizwa ni kama mashine hiyo inakufaa wewe.

Nitalinganisha njia nne: seva yenye kerneli (moyo wa mfumo) ya Linux, seva ileile yenye VPP (programu inayopitisha paketi bila kerneli), ruta za MikroTik za daraja la juu, na ruta zenye chipu maalumu.

Tunapima kwa nini

*Paketi.* Brosha huandika giga, lakini ruta inahangaika na paketi. Kila paketi, nene au nyembamba, inadai kazi ileile: isomwe anwani, itafutiwe njia, itolewe poti nyingine. Laini ya giga 10 ikijaa paketi za baiti 1,500 hupitisha kama 813,000 kwa sekunde. Ikijaa zile ndogo za baiti 64 hupitisha milioni 14.88. Laini haijabadilika, kazi imezidi mara kumi na nane. Kila paketi ndogo ina nanosekunde 67 tu kabla mwenzake hajagonga mlango. Prosesa ya gigahezi 3 katika muda huo inapiga mizunguko kama 200, na safari moja ya kwenda kuuliza RAM inaweza kuila karibu yote.

Wateja wako hawatumii intaneti hivyo. Wanatazama video, na paketi za video ni nene. Kwa wastani wa baiti 800, giga 10 ni paketi milioni 1.5 hivi kwa sekunde kila upande. Lakini anayekushambulia hutuma hasa zile ndogo.

*Jedwali la njia.* Ukichukua njia zote za dunia kwa BGP, lugha ambayo mitandao huambiana njia, zile za IPv4 (anwani za mtindo wa zamani) peke yake ni kama milioni moja, na za IPv6 (mtindo mpya) zimepita laki mbili. Agosti 2014 jedwali la IPv4 lilipovuka 512,000, ruta nyingi za zamani zilizotengewa nafasi hiyo na si zaidi zilianza kuyumba. Jiulize kwanza kama unalihitaji jedwali zima. Mwenye mtoa huduma mmoja wa juu, yaani kampuni anayonunua intaneti kwake, halihitaji.

*Kazi za ziada.* NAT (wateja wengi kutumia anwani chache za intaneti), PPPoE (mteja kuingia kwa jina na nywila), kugawa kasi kwa mteja mmojammoja, firewall (kuchuja trafiki). Watu wengi hapa ndipo wanapoumia, kwa sababu kila moja inaongeza kazi kwa kila paketi.

*Pesa na umeme.* Bei ya kununua, leseni, na yuniti.

*Saa nane za usiku.* Mtandao ukilala saa hiyo, nani anauamsha, na spea iko wapi?

Seva yenye kerneli ya Linux

Hii ndiyo njia ya yule kijana. Unaweka Debian au VyOS, ambazo ni Linux, BGP inashikwa na programu ya FRRouting au BIRD, na paketi zinapitishwa na kerneli yenyewe.

*Paketi.* Firewall ikiwa nyepesi, kiini kimoja cha prosesa ya kisasa hupitisha takriban paketi milioni moja kwa sekunde. Viini vinane havikupi milioni nane kwa sababu tu viko vinane. Vinakupa pale kadi ya mtandao inapogawanya paketi sawasawa kwenye foleni zake, na kila foleni ikawa na kiini chake. Ndiyo maana nasema kadi ndiyo roho ya ruta ya namna hii. Seva ya zamani kidogo yenye kadi ya Intel X710 au ConnectX ya Mellanox itaiacha mbali seva mpya inayotegemea kadi ya bei poa.

Niliwahi kuitwa na mtoa huduma mmoja ambaye seva yake ya viini 16 ilikuwa inadondosha paketi kila jioni huku wastani wa prosesa ukisoma asilimia saba. Asilimia saba! Tukafungua kiini kimojakimoja: kumi na tano vimelala, kimoja kiko mia kwa mia. Wateja wake wote walikuja kwa PPPoE, na kadi ile haikujua kusoma ndani ya bahasha ya PPPoE ili iwatawanye, hivyo ikawatupa wote foleni moja. Tuliiambia kerneli igawanye yenyewe kwa kipengele chake cha RPS, na tatizo likatulia wiki hiyohiyo. Alikuwa ameshaomba bei ya seva ya viini 32.

Mambo mengine mawili huwanasa watu. Seva ya soketi mbili, yaani prosesa mbili, ina pande mbili, na kadi iliyochomekwa upande wa prosesa ya kwanza huku kazi ikipewa ya pili huzilazimisha paketi kuvuka daraja kila mara. Kwa ruta, soketi moja yenye gigahezi nyingi huishinda mbili zenye viini tele. La pili ni nafasi ya PCIe: kizazi cha tatu chenye njia nane za data hubeba kama giga 63, chenye kumi na sita kama giga 126. Kadi ya poti mbili za giga 100 ukiichomeka hapo, poti ya pili ni ya maonyesho.

*Jedwali la njia.* Hapa seva haina mpinzani kwa bei. RAM ya giga 16 hubeba majedwali kadhaa mazima bila kutokwa jasho, na jedwali likikua unaongeza RAM. BIRD, inayotengenezwa na CZ.NIC ya Ucheki, ndiyo hiyohiyo inayotumika kupanga njia katika vituo vingi vya kubadilishana trafiki duniani.

*Kazi za ziada.* Hili ndilo eneo lake. NAT iko kwenye nftables, PPPoE iko kwenye accel-ppp, na kugawa kasi kuna CAKE, au LibreQoS iliyojengwa hasa kwa watoa huduma wadogo. Ila chunga kumbukumbu ya miunganisho, ile meza ambamo kerneli huandika kila muunganisho unaopita. Bila NAT, izime kabisa, kasi itapanda. Ukiwa na NAT, panua ukubwa wake mapema, la sivyo siku moja utakuta logi imejaa ujumbe kwamba meza imejaa na paketi zinatupwa.

*Pesa na umeme.* Seva ya mtumba ni nafuu kuliko chochote katika orodha hii, na programu ni huria. Umeme ndio unaolipiza. Seva inayovuta wati 200 usiku na mchana hula yuniti 144 kwa mwezi, kabla hujahesabu kiyoyozi. Kwenye mnara unaotegemea sola, njia hii ifute tangu sasa.

*Saa nane za usiku.* Diski, RAM na pawa saplai utazipata kesho asubuhi Kariakoo au Luthuli Avenue. Kadi nzuri ya mtandao pengine hutaipata, kwa hiyo nunua mbili. Hatari kubwa ni kwamba ruta nzima huishi kichwani mwa mtu mmoja. Akipata kazi Dubai, anaondoka nayo.

*Inamfaa* mwenye giga 1 hadi 10 hivi, kazi nyingi za ziada, na walau watu wawili wanaoijua Linux vizuri.

Seva ileile yenye VPP

Mashine ni moja, falsafa ni nyingine. DPDK, programu-saidizi iliyoanzia Intel, huitoa kadi mikononi mwa kerneli na kuikabidhi moja kwa moja kwa programu. VPP, iliyozaliwa Cisco na kufunguliwa kwa wote mwaka 2016 kupitia mradi wa FD.io, hukaa juu yake. Siri yake ni ya mpishi wa chapati mwenye wateja wengi. Hasukumi moja, akachoma, akarudi kusukuma nyingine. Anasukuma madonge yote, kisha anachoma yote. VPP huchukua hadi paketi 256 kwa mkupuo na kuzifanyia hatua moja zote kabla ya kwenda hatua inayofuata, hivyo maagizo hubaki karibu na prosesa yakiwa bado ya moto.

*Paketi.* Kiini kimoja huvuka milioni kumi kwa kazi ya kupitisha tu. Kwa viini vichache, makumi ya giga yanapita kwenye mashine ambayo kwa kerneli ingekuwa inapepesuka.

*Jedwali la njia.* Linaingia zima. Programu-jalizi iitwayo linux-cp huonyesha poti za VPP upande wa Linux, FRRouting au BIRD zikafanya kazi zao kama kawaida, na njia zikahamia VPP zenyewe.

*Kazi za ziada.* NAT ipo na ina kasi. PPPoE na mgawanyo wa kasi kwa wateja elfu kumi, hapo ningekuwa mwangalifu: ulimwengu wa kerneli umekomaa zaidi. Wengi ninaowajua huweka VPP mpakani, mbele ya watoa huduma wa juu, na mambo ya wateja hubaki kwenye mashine za nyuma.

*Pesa na umeme.* Vifaa ni vilevile, ila kiini kilichokabidhiwa kazi hii hakipumziki. Kinauliza kadi "kuna kitu? kuna kitu?" bila kukoma, kwa hiyo utakiona asilimia 100 hata alfajiri hakuna mteja aliye macho. Usishtuke, lakini bili itakuja hivyo. Anayetaka msaada wa kulipia anaweza kuchukua TNSR ya Netgate, ambayo ndani yake ni VPP.

*Saa nane za usiku.* Hapa ndipo bei halisi ilipo. Zana alizozoea fundi wako hazioni kinachopita kwenye poti, kwa sababu kerneli haipo njiani. Lazima ajifunze zana za VPP zenyewe, na idadi ya watu wanaozijua ukanda wetu bado ni ndogo. Jaribu kutangaza kazi uone barua ngapi zitakuja.

*Inamfaa* mwenye giga 10 hadi 100, watoa huduma wa juu kadhaa, na fundi anayefurahia kusoma logi.

MikroTik za daraja la juu

Utani wa jambo hili ni kwamba MikroTik, kampuni ya Latvia iliyoanzishwa 1996, ilianza kwa kuuza programu ya kugeuza kompyuta ya kawaida kuwa ruta. Masanduku yalikuja baadaye. Kwa hiyo anayesema "mimi siamini kompyuta, naamini MikroTik" anaamini mtoto na kumkana mzazi.

*Paketi.* CCR2116 ina viini 16 vya ARM na poti nne za giga 10. CCR2216 ina poti 12 za giga 25 na mbili za giga 100. Zote mbili zina pia chipu ya swichi inayoweza kupitisha paketi yenyewe bila kuigusa prosesa. Hiyo ndiyo inayotoa zile namba nono za kwenye brosha, ila ina masharti yake.

*Jedwali la njia.* RAM inabeba jedwali zima, chipu haibebi. Sehemu ya njia huenda kwenye chipu na zilizobaki hushughulikiwa na prosesa. Toleo la 6 la RouterOS, mfumo wa MikroTik, lilikuwa na sifa mbaya ya kuchakata BGP kwa kiini kimoja. La 7 limeandikwa upya na linagawa kazi hiyo.

*Kazi za ziada.* Kila kitu kipo, menyu moja. Lakini trafiki unayoitaka ipite kwenye foleni za kugawa kasi lazima iende kwa prosesa, na hapo chipu inakaa pembeni. Mtu hununua CCR2216 kwa sababu ya giga 100, halafu anaweka foleni 3,000 juu yake na kulalamika. Sanduku halikumdanganya, yeye ndiye hakusoma masharti.

*Pesa na umeme.* Chini ya dola 3,000 hata kwa ile kubwa, leseni ndani yake, hakuna malipo ya mwaka. Inakula umeme kidogo kuliko seva, haijazi kelele chumba, inakaa hata kwenye kabati la mnarani.

*Saa nane za usiku.* Hapa inashinda bila kutumia nguvu. Karibu kila mji una kijana anayeijua Winbox, programu ya kuendeshea MikroTik. Usiiache tu Winbox wazi kwa dunia nzima: mwaka 2018 tundu lake lilitumiwa kuteka ruta nyingi mno, na nyingine hazijawahi kusasishwa hadi leo.

*Inamfaa* mtoa huduma wa giga 1 hadi 20 mwenye mafundi wachache na wateja wengi wa PPPoE, hasa akigawa majukumu kwa masanduku mawili.

Ruta yenye chipu maalumu

Nachukua Juniper MX204 kama mfano kwa kuwa naikuta mara nyingi. Cisco na wengine wana za kwao.

*Paketi.* Giga 400 katika sanduku la yuniti moja ya raki, poti nne za giga 100 na nane za giga 10. Chipu yake imechongwa kwa kazi hii tu, hivyo siku ya mashambulizi vichungi vyake hufanya kazi bila ruta nzima kuchanganyikiwa. Kitu kimoja huwashangaza watu: ubongo unaopanga njia ndani ya MX204 ni prosesa ya Intel, jamaa wa zile za kwenye seva. Kumbe hata ruta ya bei ya gari ina kompyuta tumboni. Tofauti ni kwamba kompyuta hiyo inafikiri tu, haibebi mzigo.

*Jedwali la njia.* Linaingia zima. Kumbuka tu kwamba kumbukumbu ya chipu haiongezwi kama RAM. Ukinunua mtumba wa modeli ya zamani, uliza inabeba njia ngapi kabla hujauliza bei.

*Kazi za ziada.* Chache, na nyingi kwa leseni. MX204 haina nafasi ya kadi ya huduma, kwa hiyo NAT ya maelfu ya wateja utaifanya kwingine, na mara nyingi hiyo "kwingine" inageuka kuwa seva ya Linux.

*Pesa na umeme.* Ghali, kisha kuna mkataba wa msaada kila mwaka. Kwa kila giga inayopita, hata hivyo, umeme wake ni mdogo kuliko wa seva.

*Saa nane za usiku.* Mkataba ukiwa hai, kuna namba ya kupiga. Spea ndiyo swali. Mkataba unaoahidi kifaa "siku inayofuata ya kazi" uulize unahesabia mji gani, na forodha ya nani.

*Inamfaa* mwenye poti nyingi za giga 100, au wateja wenye mikataba ya adhabu kama mabenki, au yeyote anayeshambuliwa mara kwa mara.

Sasa tazama uko wapi

Una mtoa huduma mmoja wa juu na chini ya giga mbili: huna tatizo la ruta kubwa. MikroTik ya kawaida na njia moja chaguomsingi, inayopeleka kila kitu kwa mtoa huduma huyo, inatosha. Pesa hiyo peleka kwenye betri.

Una giga mbili hadi kumi, wateja wa PPPoE, fundi mmoja: CCR2116 mbili, moja ishike BGP mpakani, nyingine ishike wateja. Kama fundi huyo ni mtu wa Linux kweli na kuna wa pili anayemwelewa, seva mbili zenye VRRP (moja ikifa, nyingine inashika nafasi yake) zitakupa NAT na mgawanyo bora zaidi kwa pesa hiyohiyo. Mbili, si moja.

Unasimamia chuo na tatizo lako ni kwamba video za mabweni zinaiua Zoom ya walimu: usibadili ruta. Weka seva moja ya Linux katikati ya ruta na swichi, iendeshe CAKE, uone wiki moja.

Umefika giga 20 na zaidi, una watoa huduma wa juu wawili au watatu na umeungana na kituo cha kubadilishana trafiki kama KIXP Nairobi au TIX Dar: VPP mpakani na Linux nyuma kwa NAT, ikiwa timu unayo. Kama timu huna, MX204 iliyotumika yenye dhamana ya muuzaji unayemjua itakupa usingizi, nawe NAT uiache kwenye seva vilevile.

Hujaamua bado na muuzaji anakusukuma: mwombe kifaa cha majaribio. Chukua seva yoyote yenye kadi ya giga 10, weka TRex (programu ya kuzalisha trafiki ya majaribio), kipigie kifaa hicho paketi za baiti 64 huku NAT, foleni na firewall zako zote zikiwa zimewashwa, kisha andika namba ambayo paketi ya kwanza inadondoka.

Na kama ruta uliyonayo ina kasi ya kutosha ila jedwali ndilo limeishinda, pokea njia chaguomsingi kutoka juu, ongeza zile za kituo cha kubadilishana trafiki tu, na mwaka huu usinunue kitu.